Historia ya Maktaba ya Chokaa, Nchini Utunzo

Mwalimu Sihaba Shemndolwa aliingia nchi ya Utunzo akiwa na miaka hamsini na tisa, amestaafu, na miguu yake bado inamtii. Njia aliyoipita haina habari ya kusimulia. Alichoka kama wasafiri wote wanavyochoka, akafika. Habari inaanzia kwenye kisima cha mjini, ambako alikuta watu wamepanga foleni, wengine wana ndoo tupu, wengine mikono mitupu. Kila mmoja alipofika ukingoni aliinamisha kichwa kidogo, kisha akaendelea na safari yake. Hakuna aliyeteka maji.

“Maji mnateka wapi?” Sihaba alimuuliza mama mmoja.

Yule mama alimwonyesha kilima cha pili, ng'ambo ya bonde.

“Na hiki kina nini?”

“Hiki kimetimia,” alisema mama. “Maji yake yalikuwa matamu sana. Bibi zetu walikipenda, ndiyo maana kikatunzwa.”

Akajitwika ndoo yake, akashika njia ya bondeni.

Hivyo ndivyo Sihaba alivyoijua Sheria ya Vilivyotimia, ambayo ndiyo sheria kubwa ya Utunzo. Kitu chochote kikipendwa na watu kwa muda wa kutosha, huandikiwa historia. Historia ile husomwa barazani. Baraza likiikubali, kitu kile huhesabiwa kuwa kimetimia, na kikishatimia hakiguswi tena. Mtaa wa pili aliona duka la mikate lililotiwa kioo mbele, na ndani yake mkate wa mwisho, mgumu kama tofali, ambao hupigwa brashi kila Alhamisi. Kwenye baraza ya jengo la halmashauri alimkuta mzee amekaa kwenye kiti cha heshima, na kamba nyekundu imezungushwa ili watu wasimkaribie. Mzee huyo aliwahi kuwa mwalimu bora wa hesabu katika nchi nzima.

“Shikamoo, mzee. Unaumwa?” Sihaba alimuuliza kutoka nje ya kamba.

“Marahaba. Siumwi, mwanangu,” alisema mzee. “Nilifundisha vizuri, basi.”

Sihaba alitaka kucheka, kisha akaona haya. Watu wale walikuwa wapole, na kila walichokifunga walikifunga kwa mapenzi. Akajiambia kwamba yeye ni mgeni, ameitwa kwa kazi, na mgeni hapangi upya nyumba ya watu.

Kazi aliyoitiwa ilikuwa kuandika historia ya maktaba ya Chuo cha Wananchi cha Chokaa, iliyokuwa imetimiza miaka hamsini na mmoja. Kwa sheria ya Utunzo, historia lazima iandikwe na mtu wa nje, kwa kuwa mwenyeji ama atapendelea ama atalipiza. Sihaba alikuwa amefundisha historia miaka thelathini na miwili huko kwao Korogwe, lakini hakuna mtu aliyewahi kumwomba aandike kitu kirefu kuliko ripoti ya muhula. Barua ilipomfikia, alikubali siku hiyo hiyo.

Aliyempokea ni Bwana Kamilifu, mkuu wa Idara ya Mambo Yaliyotimia. Alikuwa mtu mrefu, mwenye suti ya kijivu na sauti ya taratibu, anayezungumza kama anayesoma kutoka kwenye karatasi. Alimpa Sihaba orodha.

“Hii itakurahisishia,” alisema. “Maktaba ile imefunguliwa rasmi mara kumi na moja, na wakuu saba tofauti. Tarehe zote zipo, na majina, na urefu wa utepe uliokatwa kila mara.”

“Mara kumi na moja? Kati ya hapo ilikuwa ikifungwa?”

“Hapana. Ilikuwa ikifunguliwa tu.”

Sihaba aliipitia orodha. “Na vitabu, Bwana Kamilifu? Vilianzaje?”

Bwana Kamilifu alifikiri kwa uaminifu. “Vitabu havimo katika kumbukumbu zetu,” alisema. “Muulize mkutubi.”

Chokaa ni mtaa wa pembezoni, ambako zamani watu walichoma chokaa ya kujengea. Chuo chake ni cha watu wazima. Asubuhi huja mama wa sokoni waliokwisha kuuza, mchana huja mafundi na madereva, na jioni walinzi kabla ya kwenda lindoni. Wengine wanasoma ufundi umeme, wengine uuguzi, wengine wamekuja kujua kuandika majina yao wenyewe. Maktaba ilikuwa mwisho wa ua, jengo refu lenye bati, na ndani mlikuwa na harufu ya karatasi na sabuni ya mche. Mkutubi, Bi Zawena, alikuwa na miaka sitini na minne. Alimtazama Sihaba kuanzia kwenye viatu kwenda juu, akamvutia kiti.

“Karibu, Mwalimu. Nikueleze kwa tarehe au kwa mahali tulipowahi kukaa?”

“Kwa mahali.”

“Afadhali. Tarehe huwa nazichanganya.”

Maktaba ilianza chini ya ngazi. Mwanzilishi wake hakuwa mkuu yeyote. Alikuwa mpishi wa chuo, Mama Ngolo, aliyeona wanafunzi wakikaa bure wakingoja chakula. Alileta vitabu kumi na vinne kutoka kwake, akaviweka kwenye kabati la huduma ya kwanza, lililokuwa na nafasi kwa sababu halikuwa na dawa. Aliyetaka kitabu alimwomba Mama Ngolo ufunguo, naye aliutoa kwa mkono wenye unga, na ndiyo maana vitabu vile kumi na vinne hadi leo vina alama nyeupe za vidole kwenye majalada.

Baada ya kabati walihamia stoo ya viti. Kisha banda la kuku, kuku walipohamishwa. Kisha nusu ya ukumbi, nusu nyingine ikiwa mahakama ya mwanzo, na kwa miaka mitatu washitakiwa walikuwa wakiomba kitabu cha kusoma wakati hakimu akisoma hukumu. Mwaka wa kumi na tisa mto ulifurika. Bi Zawena alikuwa mgeni wa kazi, wiki ya pili. Mkuu wa chuo aliagiza vitabu vifungiwe humo humo, kwa kuwa kanuni zilikataza kutoa zaidi ya kimoja kwa mtu mmoja.

“Ukafanya nini?” Sihaba alimuuliza.

“Nikafungua milango yote miwili, nikawaambia watu wachukue wanavyoweza kubeba. Sikuandika hata jina moja. Vilitoka vitabu mia sita na kumi na viwili. Nililia usiku kucha, nikijua nimeimaliza maktaba.” Bi Zawena alinyanyuka, akasogeza kitabu kilichoegemea vibaya. “Maji yalipokauka vikarudi mia sita na arobaini.”

Sihaba aliacha kuandika. “Vilivyozidi vilikuwa vya nani?”

“Sijui. Watu waliona rafu zina nafasi.”

Siku zilipita hivyo. Sihaba alisikia habari za vita vya ukimya, ambavyo vilidumu mwaka mzima. Kanuni ilisema maktabani hakuna kutoa sauti, lakini nusu ya wasomaji wa Chokaa walikuwa ndio kwanza wanajifunza, na mtu anayejifunza ukubwani husoma kwa midomo. Wasomaji wa kimya walilalamika. Wasomaji wa sauti waliona aibu, wakaacha kuja. Ikaundwa kamati, kamati ikaunda kamati ndogo, na hatimaye Bi Zawena, bila kumuuliza mtu, alibandika mlangoni karatasi yenye maneno matatu: SAA YA MIDOMO. Kuanzia saa nne hadi saa tano kila siku, kila mtu asome kwa sauti, hata wale wanaojua. Wazee wa sheria walikuja kukagua. Walikuta jengo linavuma kama mzinga wa nyuki, wakasimama mlangoni, na mmoja wao akaingia akachukua gazeti, akaanza kulisoma kwa nguvu.

Na zile tepe kumi na moja za ufunguzi? Bi Zawena alivuta droo. Alikuwa amezikata vipande vipande, na kila msomaji aliyeazima kitabu alipewa kipande cha kuwekea alama pale alipofika.

Sihaba aligundua kwamba anafika maktabani kabla ya wakati na anaondoka akiambiwa. Ndipo lile jambo alilolikwepa tangu kisimani likaanza kumkaa kifuani. Kadiri alivyoandika vizuri, ndivyo maktaba ile ingefungwa haraka. Wasomaji wangeruhusiwa kusimama nje ya kioo na kutazama migongo ya vitabu. Asubuhi moja alimweleza Bi Zawena moja kwa moja.

“Dada, naweza kuiandika vibaya. Nikiiandika ovyo, ikachosha, baraza litaikataa.”

Bi Zawena alikuwa akigonga mihuri. Hakuacha.

“Usiiandike vibaya. Haikuwa mbaya.”

“Wataifunga.”

“Najua watakachofanya. Ombi la kuandikiwa historia nilipeleka mimi.”

Sihaba alikaa. Bi Zawena aligonga muhuri mwingine, kisha akauweka chini.

“Miaka thelathini na miwili nimo humu, Mwalimu. Wakuu saba wamekata utepe humu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza jina. Mpishi aliyeianzisha amezikwa bila mtu wa idara kufika. Nikasema, basi, angalau iandikwe mahali. Na kwa sheria yetu, jambo likiandikwa ndiyo mwisho wake. Magoti yananiuma. Mkutubi wa maktaba iliyotimia hupewa kiti chenye mto, na jina lake kwenye bamba la shaba.” Akatabasamu kidogo, kwa haya. “Nilikipenda kile kiti.”

Sihaba naye alikuwa ameshaliona akilini jina lake kwenye jalada. Alirudi chumbani kwake akaandika vizuri kadiri alivyojaliwa. Ila aliandika kwa namna moja ambayo haikuwahi kutumika Utunzo. Kulikuwa na makasha manane ya kadi za kuazimia, na kila kadi ina majina. Aliyapitia yote. Pale historia za nchi ile zinapotaja wakuu, yeye aliwataja wakuu, kisha akawataja wasomaji, na kila mmoja alichokisoma.

Bwana Kamilifu aliusoma mswada kwa siku tatu, kisha akamwita.

“Umetaja watu mia tatu na wanane,” alisema. “Historia ya kisima ilitaja watu tisa.”

“Kisima hakikuwa na kadi.”

“Hilo ni kweli.” Akaliandika pembeni. “Unafahamu kwamba kila aliyetajwa ana haki ya kuulizwa barazani? Anaulizwa, ‘Imetimia au bado?’ na ‘bado’ moja tu inatosha kuizuia. Katika miaka yangu ishirini na sita, wote wamejibu ‘Imetimia.’”

“Waliulizwa wakuu tu.”

“Waliotajwa walikuwa wakuu tu,” alisema Bwana Kamilifu, naye alionekana kama mtu anayelisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza.

Baraza lilikaa Jumanne asubuhi katika ukumbi wa halmashauri. Kati ya waliotajwa walifika arobaini na sita. Wengine walikuwa wamekufa, wengine wamehama, wengi walikuwa kazini. Kisheria asiyefika huhesabiwa amesema imetimia. Mbele, kando ya meza, kile kiti kilikuwa tayari, mto wa kijani, shaba imeng'arishwa, na jina la Bi Zawena limechongwa bila kosa. Alikaa safu ya mbele akikitazama.

Historia ilisomwa kwa saa mbili na nusu. Watu wa Chokaa walisikiliza wakigusana viwiko kila jina la jirani lilipotajwa. Mama Ngolo alipotajwa na mikono yake yenye unga, mtu mmoja nyuma aliinuka, akasimama kimya mpaka aya ile ikaisha, kisha akakaa. Alikuwa mwanawe.

Ndipo maswali yakaanza. Wakuu watano walio hai walisema imetimia, mmoja baada ya mwingine. Akaitwa Machupa, fundi bomba, aliyeazima kitabu kimoja kinene cha habari za nyota mara kumi na tisa.

“Imetimia au bado?”

“Bado,” alisema Machupa. “Niko ukurasa wa mia mbili na kumi.”

Ukumbi uliguna. Karani alisimamisha kalamu. Bwana Kamilifu alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

“Kurasa zote ni ngapi?”

“Mia tatu na tisini, mheshimiwa. Mimi husoma polepole, kwa kuwa kila jioni natoka nje kuhakikisha.”

Baada ya Machupa, watu wengine kumi na saba wakasema bado. Mmoja alikuwa ameazima juzi. Mwingine alisema mkewe ndiye anayesoma na yeye anasubiri zamu yake. Baraza likasimama, na wajumbe watatu wakaenda faragha kujadili swali lililowasumbua: mtu asipomaliza kitabu, upungufu ni wa mtu au wa maktaba? Walijadili mpaka saa saba. Mjumbe wa kwanza alisema kwamba mlaji akiwa na njaa haimaanishi jiko halijapika. Wa pili aliuliza kama jiko linaweza kuitwa limetimia wakati watu wameshika sahani. Wa tatu aliomba chai. Waliporudi walitangaza kwamba msomaji ni kitu kimoja na maktaba ni kitu kingine. Majibu yote kumi na manane yakafutwa. Ni mhudumu wa maktaba peke yake, walisema, anayeweza kujua kama maktaba yenyewe imemaliza kazi yake.

Jina la mwisho katika historia lilikuwa la Bi Zawena.

Aliinuka kwa shida, akishika mgongo wa kiti cha mbele. Sihaba aliangalia mikono yake mwenyewe. Alikuwa ameazimia kutomtazama, asije akamsukuma kwa macho.

“Bi Zawena,” alisema Bwana Kamilifu, “imetimia au bado?”

“Ombi niliandika mimi,” alisema Bi Zawena. “Niliandika kwamba kazi imekwisha. Nilikuwa nimechoka, nikadhani uchovu wangu ndio mwisho wake.” Akakitazama tena kile kiti. “Kabati la kushoto halijapangwa upya tangu mwezi wa tatu. Vitabu vya uuguzi viko katikati ya vya useremala. Huo si upungufu wa msomaji, Bwana Kamilifu. Kabati ni la maktaba.”

“Litapangwa lini?”

“Naweza kulimaliza kwa wiki moja. Lakini nikilimaliza, la kulia litakuwa limevurugika. Watu wanachukua huku wanarudisha kule. Ndivyo ilivyo tangu chini ya ngazi.”

“Nauliza kwa ajili ya kumbukumbu,” alisema Bwana Kamilifu, na sauti yake ilikuwa imeshuka. “Makabati yote yatakuwa sawa lini, kwa wakati mmoja?”

“Siku watu wakiacha kuja.”

Bwana Kamilifu aliwatazama wale wajumbe watatu, nao wakatazama meza. Kisha akamgeukia karani.

“Andika: bado.”

Karani alifungua kasha la mihuri, akatafuta, akafunga. Muhuri wa “bado” haukuwahi kuchongwa. Ikabidi aliandike neno lile kwa mkono, na kwa kuwa hakuwahi kuliandika katika karatasi rasmi, aliuliza kama linaanza kwa herufi kubwa.

Watu wa Chokaa hawakushangilia. Walitoka wakimsindikiza Bi Zawena, wengine wamemshika mkono, na mwana wa Mama Ngolo alimbebea mkoba. Mlangoni walipishana na mafundi wawili wakikipeleka kile kiti stoo. Bi Zawena alisimama kuwapisha. Alikitazama mpaka kikapotea kwenye kona, akashusha pumzi, akasema goti linamuuma zaidi akisimama, wasikae hapo.

Kesho yake asubuhi Bwana Kamilifu mwenyewe alikuja Chokaa, mswada ukiwa kwapani. Alieleza kwamba historia isiyotimia haina mahali pa kukaa katika idara yake, kwa sababu makabati yake ni ya mambo yaliyotimia. Wala hakuna sheria inayosema irudishwe kwa mwandishi. Alikuwa ameutafakari usiku mzima. Aliuweka mezani kwa Bi Zawena, akabaki amesimama, kama mtu aliyesahau njia ya kutokea.

“Ni saa nne kasorobo,” Bi Zawena alimwambia. “Ukitaka kukaa, kaa. Ila saa nne kila mtu anasoma kwa sauti.”

Bwana Kamilifu alivuta kiti.

Bi Zawena aliushona mswada kwa uzi wa magunia, akaubandikia jalada gumu, akaweka kadi ndani, akagonga muhuri, akaupanga kwenye kabati la kushoto, katikati ya uuguzi na useremala. Haukukaa hapo hata nusu saa. Machupa aliuchukua, alipopita kwenda kuzibua bomba la jikoni. Wengine walioukosa wakaomba waandikwe kwenye orodha ya kusubiri.

Sihaba alikuwa ameshafunga mizigo. Alifika kuaga, na pia kuomba auchukue mswada siku mbili tu, anakili, maana huo ulikuwa mmoja na hakuwa na mwingine. Bi Zawena alimsikiliza mpaka mwisho, akafungua daftari.

“Zamu yako ni ya kumi na moja, Mwalimu. Kila mmoja ana wiki mbili, na Machupa husoma polepole.”

“Dada, mimi ndiye niliyeuandika.”

“Najua. Nimekuandika jina lako kamili.”

Sihaba alimtazama, akaona kwamba hatanii. Alitia sahihi. Bi Zawena alimpa kipande cha utepe mwekundu cha kuwekea alama, kwa ajili ya siku atakayoupata, akamkumbatia kwa muda mrefu kuliko desturi ya Utunzo inavyoruhusu.

Huu ni mwaka wa nne sasa. Barua ya mwisho kutoka Chokaa ilisema mswada umefikia msomaji wa sita. Kwa hiyo haya yaliyosimuliwa hapa yametoka kichwani mwa Sihaba, bila karatasi, na mwenye kutaka kuhakikisha inabidi naye akaombe nafasi kwenye orodha.